Jasho la Nani?

Pesa ni zangu, serikali inaingilia nini? Swali hili nimelisikia stejini, kwa kinyozi na kwenye vikundi vya WhatsApp, kila mara Mamlaka ya Masoko ya Mitaji inapotoa onyo kuhusu mpango mpya wa kuzalisha pesa. Ni swali zuri. Mtu mzima wa hapa Nkoroi akiamua kuchoma mshahara wake, nani amzuie?

Mwaka 2019 swali hilo lilifika Mahakama Kuu. Kampuni ya Wiseman Talent Ventures ilikuwa na sarafu ya kidijitali iitwayo KeniCoin. Mamlaka ilipoitilia shaka, kampuni ilienda kortini ikitaka iachwe ifanye biashara yake, ikisema Mamlaka haina uwezo wa kisheria juu ya sarafu hiyo. Jaji Francis Tuiyott alikataa kutoa agizo hilo. Kwa mtazamo wake wa awali, KeniCoin ilielekea kuwa uwekezaji ambao sheria inausimamia.

Kufika hapo alipitia kesi ya machungwa. Ndio, machungwa. Kampuni ya W.J. Howey ilikuwa ikiuza vipande vya mashamba ya michungwa huko Florida. Mnunuzi anapata hati yake, halafu kampuni nyingine ya wenyewe hao inalima, inavuna, inauza na kumgawia faida. Walijitetea kwamba wanauza ardhi tu. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa: mtu akiweka pesa katika shughuli ya pamoja akitarajia faida kutokana na juhudi za wengine, huo ni mkataba wa uwekezaji, uuite shamba au uuite chochote.

Sisi wa Kajiado tunaielewa hii haraka. Ukinunua ploti ya hamsini kwa mia hapa Nkoroi, ukajenga na kuchimba kisima, jasho ni lako. Ikikulemea, umelemewa na uamuzi wako. Lakini ukiuziwa kipande ambacho hutawahi kukikanyaga, ukaambiwa usubiri gawio kila mwezi kutoka kwa mtu wa ofisini, hujanunua ardhi. Umenunua ahadi.

Mamangu alinilipia karo ya chuo akitumaini faida kutoka kwa jasho langu. Ukiyavuta maneno ya Howey kidogo, mimi ni hisa. Lakini nilipoacha masomo alipiga simu, akauliza kila kitu, na ilibidi nimjibu. Umama ulimpa haki hiyo. Aliyenunua ahadi kwa mtu asiyemjua hana simu ya kupiga. Sheria ndiyo simu yake: inamlazimisha muuzaji aseme pesa zinaenda wapi, faida inatoka wapi, na nani atajibu mambo yakiharibika. Gharama ya kukosa simu hiyo tunaijua. Jopokazi la serikali lilikadiria kwamba miradi ya upatu ya enzi za DECI, iliyoporomoka karibu 2007, iliwameza Wakenya zaidi ya shilingi bilioni 8.

Unafiki upo, sikatai. Kamari ina leseni, na iko kwa kila simu. Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo yake kwa siku 30, ikilalamika kwamba kamari inauzwa kama uwekezaji. Kijana anayeonywa kuhusu sarafu lakini anaruhusiwa kubeti hadi asubuhi ana haki ya kushuku kwamba kinacholindwa ni kodi, si mfuko wake. Ila dawa ya unafiki huo ni kudai uwazi kwa kamari pia. Kuuondoa kwa sarafu hakumsaidii huyo kijana.

Kwa hivyo pesa ni zangu, kweli. Nikizichoma kwa mkono wangu, niacheni. Mamlaka isinichagulie pa kuwekeza. Kazi yake imfuate yule anayeshika pesa zangu. Oktoba 2025 Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayogawa usimamizi kati ya Benki Kuu na Mamlaka. Ni hatua nzuri, lakini muuzaji mjanja atakuja kesho na jina ambalo sheria hiyo haijawahi kulisikia. Akija, tusibishane naye kuhusu jina. Tumuulize faida itatoka kwa jasho la nani, na kama huyo mtu akipigiwa simu atashika.