Mikono Yako Inatengeneza Nini?

 

Masomo ya kusali nayo wiki hii: Mwanzo 4:19-24 na Isaya 2:1-5.

Vijana wenzangu, Jumapili iliyopita baada ya Misa tulikuwa tumekaa nje ya kanisa. Kijana mmoja wa kikundi chetu, fundi wa kuchomelea mageti, akatuonyesha video kwenye simu yake. Ilikuwa ya mji wa Darra Adam Khel, Pakistan, kama kilomita 40 kusini mwa Peshawar. Barabara kuu imejaa maduka pande zote mbili, na kinachouzwa ni bunduki na bastola. Nyuma ya maduka kuna karakana ndogo ndogo, na humo ndimo silaha zinakotengenezwa kwa mkono. Yule ndugu yetu akasema, "Jamani, huyu ni fundi kweli kweli! Na kazi ni kazi, si ndiyo?" Wenzangu wakacheka. Mimi sikuweza, na leo nataka niwaambie kwa nini.

Kwanza tuwatendee haki watu wa Darra. Ni Wapashtuni wa kabila la Afridi, na ufundi huu wanao tangu mwishoni mwa karne ya 19. Baba anamfundisha mwana, mwana naye anamfundisha wa kwake. Fundi anakaa chini na nyundo, tupa na jiriwa, pengine na keekee na mashine ndogo ya kukereza chuma. Anapewa bunduki ya kiwandani, anaifungua, anapima kila kipande, kisha anatoa nyingine inayofanana nayo. Chuma chakavu kinakuwa mtutu, ubao unakuwa kitako. Kwa familia nyingi pale hiyo ndiyo iliyoleta unga na nguo za watoto. Subira ile, jicho lile, mkono ule usiotetemeka, vyote ni zawadi ya Mungu. Nisingethubutu kuwadharau.

Ila kuna jambo moja lilinigusa. Katika ukanda ule wa mpaka wa Pakistan na Afghanistan, mafundi walinakili bunduki za Kiingereza aina ya Lee-Enfield mpaka na alama za kiwanda. Kwa kuwa wengine hawakujua kusoma Kiingereza, waliichonga herufi N ikiwa imegeuka. Wengine walichonga alama ya Malkia Victoria pamoja na mwaka ambao malkia mwenyewe alikwisha kufa, maana alifariki 1901. Ukiiona kwa mbali, ni bunduki halisi. Lakini chuma chakavu hakina nguvu ya chuma cha kiwandani, na nakala dhaifu inaweza kupasuka mikononi mwa anayeifyatua.

Hapo ndipo nilipojiona mimi.

Nilipomaliza kidato cha sita nilipata kibarua kwenye duka moja la steshenari karibu na stendi. Nilikuwa mzuri sana wa kompyuta. Siku moja akaja mtu na cheti cha mwenzake, akataka jina lake liingie pale. Nikaliingiza. Herufi zikalingana, muhuri ukakaa sawasawa, hata mwenye duka akanisifu. Nilipewa elfu thelathini. Wakaja wengine. Nilijiambia vilevile, kazi ni kazi, mimi ninachapa karatasi tu, mengine ni yao na Mungu wao.

Miezi minane baadaye nilimpeleka mama zahanati, ana homa. Alitoka mtu kwenye chumba cha sindano amevaa koti jeupe. Nikamtambua. Cheti chake cha uuguzi nilikitengeneza mimi, kwa mikono hii. Naye akanitambua, akainamisha macho. Mama alikuwa ameshakunja mkono wa gauni.

Nikasema, "Mama, twende." Mama akashangaa, "Mwanangu, si tumepanga foleni toka asubuhi?" Nikamtoa nje nikitetemeka. Lakini kwenye benchi pale tuliwaacha mama za watu wengine.

Tumrudie Mungu na Neno lake. Mwanzo sura ya 4 inamtaja Tubal-kaini, mfua vyombo vya shaba na chuma. Huo ni ustadi, na Biblia haiulaumu. Lakini mstari unaofuata tu, baba yake, Lameki, anajisifu mbele ya wake zake kwamba ameua kijana kwa sababu ya jeraha. Chuma kimetoka mikononi mwa mwana, na damu imeshamwagika nyumbani. Hatuambiwi kama Tubal-kaini aliwahi kujiuliza chombo chake kinakwenda wapi. Mimi sikujiuliza.

Papa Fransisko aliuliza swali hilo mbele ya Bunge la Marekani mwaka 2015: kwa nini silaha zinauzwa kwa watu wanaokusudia kuwaumiza wengine? Jibu alilolitoa mwenyewe ni fedha, fedha iliyolowa damu. Na mwezi Novemba 2010, pale Darra penyewe, mtu alijilipua msikitini wakati wa sala ya Ijumaa, wakafa watu zaidi ya 60. Mji mzima wa bunduki, na hakuna bunduki iliyowakinga watu waliokwenda kusali. Tuwaombee.

Sasa tazameni Isaya sura ya 2. Nabii anaona siku ambayo panga zitafuliwa ziwe majembe. Atakayezifua ni nani? Ni mhunzi huyo huyo, mwenye nyundo ile ile. Mungu hamfukuzi kazini; anambadilishia kitu cha kufua. Jirani zetu wa Msumbiji walilifanya jambo hili kwa macho yetu. Baada ya vita yao kwisha, mwaka 1995 Baraza la Makanisa ya Kikristo lilianzisha mpango: lete bunduki, upewe jembe, cherehani au baiskeli. Silaha zilikatwa vipande, na wasanii wa Maputo wakavichomelea kuwa sanamu na viti. Kiti kimoja kipo hadi leo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Ndugu yangu wa mageti, unasikia? Ni kazi ya kuchomelea hiyo! Hata Darra, katikati ya soko lile la silaha, sasa ipo maktaba, na vijana wa pale, wavulana kwa wasichana, wanaazima vitabu.

Mimi nilikwenda kuungama. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na wale walio kwenye benchi?" Nilikaa siku tatu silali. Siku ya nne nikaenda kwa msimamizi wa zahanati, nikasema yote, pamoja na jina langu. Yule mtu aliondolewa. Kibarua changu kiliisha, na niliandika maelezo polisi. Sisemi ilikuwa rahisi. Mama alilia. Lakini nilipopokea Komunyo Jumapili ile, niliinyosha mikono yangu na sikuona aibu kuitazama.

Siku hizi nafundisha kompyuta watoto wa parokia, Jumamosi.

Jiulize kabla ya kulala: Kitu ninachotengeneza, ninachouza au ninachosambaza kwenye simu, kinafika kwa nani? Je, ningekubali kimfikie mama yangu? Nani amebaki kwenye benchi kwa sababu yangu?

Tusali. Ee Yesu, uliyefanya kazi ya mikono katika nyumba ya Yosefu, ibariki mikono yetu. Wape mafundi wa Darra, na sisi, kazi inayolisha bila kuua. Utupe moyo wa kurudi kurekebisha tulichoharibu. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.