Cheti cha Mgombea

Somo: Kutoka 18:13–27



Kila wakati wa kupiga kura unapokaribia, swali moja huzungumzwa sokoni Bunda, mwaloni Musoma, na hata nje ya milango ya makanisa yetu baada ya ibada: "Huyu amesoma mpaka wapi?" Mmoja husema hatuwezi kumtuma Bungeni mtu asiye na shahada. Mwingine hujibu kwamba wasomi ndio waliotuibia. Wote wawili ni Wakristo, na pengine wameketi benchi moja. Basi na tulitazame swali hili mbele ya Neno la Mungu.

Kwa upande wa elimu, Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 67, inamtaka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Haidai shahada. Kazi ya kupima yaliyobaki imeachwa mikononi mwa wapiga kura, yaani mikononi mwetu.

Katika somo letu Musa amechoka. Anaamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni. Mkwewe Yethro anamshauri achague watu wa kumsaidia, naye anamtajia mambo manne: wawe na uwezo, wamche Mungu, wawe watu wa kweli, na wachukie rushwa. Angalieni kwamba Musa mwenyewe alikuwa msomi. Matendo ya Mitume 7:22 inatuambia alifundishwa hekima yote ya Wamisri. Hata hivyo hakuambiwa atafute waliosoma Misri.

Lakini angalieni tena: la kwanza katika yale manne ni uwezo. Yethro hakusema mtu mwema anatosha. Mbunge hupewa makadirio ya Serikali ayapime, na miswada ya sheria aichambue. Asiyeelewa aliyopewa atapiga makofi tu pamoja na wengine, na wavuvi na wakulima wetu wataumia. Kwa hiyo tusiidharau elimu. Mungu alimtumia Petro, aliyeonekana hana elimu, akamtumia na Paulo, aliyesoma miguuni pa Gamalieli.

Basi shida iko wapi? Shida ni kwamba cheti ni shahidi mmoja tu. Kinaweza kusema kidogo juu ya lile la kwanza, yaani uwezo. Juu ya yale matatu mengine kimenyamaza. Mkulima wa pamba anajua kwamba karani mwizi anayejua hesabu ni hatari kuliko mwizi asiyejua, kwa maana huyo wa kwanza anaiba na vitabu vinakubali.

Sisi wa Mara tuna mfano wa karibu. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Mwaka 1934 alianza shule Mwisenge, hapa Musoma, akaenda Tabora, kisha Makerere, na mwaka 1952 akarudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh na shahada yake. Mtoto wa nchi hii hawezi kusema vitabu ni bure. Lakini Januari 1962, alipojiuzulu uwaziri mkuu, aliyeshika nafasi yake ni Rashidi Kawawa, aliyepata malezi yake ya uongozi katika vyama vya wafanyakazi, wala si katika chuo kikuu.

Tena Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Musoma, likatoka Azimio la Musoma. Wengi tunalikumbuka kwa sababu ya elimu ya msingi kwa watoto wote. Lakini lilisema na jambo jingine: kijana aliyemaliza kidato cha sita asiende moja kwa moja Chuo Kikuu. Afanye kazi kwanza, na waliomwona kazini watoe ushuhuda juu ya kazi yake na tabia yake. Utaratibu ule haukudumu, na ni kweli kwamba ushuhuda wa watu nao unaweza kutolewa kwa upendeleo wa ukoo. Hata hivyo swali lake lilikuwa jema: wanaomfahamu wanasemaje?

Aprili 2017 Serikali ilitangaza kwamba watumishi wa umma 9,932 wamekutwa na vyeti vya kughushi. Viongozi wa kisiasa hawakuhusishwa katika uhakiki ule, kwa kuwa sharti lao ni kujua kusoma na kuandika. Tujifunze hapa. Kuishia darasa la saba si dhambi. Dhambi ni kusema uongo. Mgombea anayesimama akasema, "Mimi niliishia darasa la saba," amekwisha kutuonyesha jambo ambalo cheti cha uongo hakiwezi kulionyesha.

Na uchaguzi wa Bunda wa mwaka 1995 ulipopelekwa mahakamani, hata ukafika Mahakama ya Rufani, waliokuwa wameshindana walikuwa watu waliokwisha kushika madaraka makubwa Serikalini. Shauri halikuwa nani amesoma zaidi. Lilihusu tuhuma za rushwa, lile jambo la nne la Yethro.

Ndugu zangu, neno hili linatugusa sisi wenyewe. Mchana tunauliza cheti, na usiku tunapokea noti, chumvi na khanga. Aliyeuza kura yake ameuza na haki ya kuuliza.

Basi tuulize hivi. Alipokuwa katika kamati ya shule au chama cha ushirika, hesabu zilisomwa mbele ya watu? Anaowaajiri huwalipa kwa wakati? Mjane akiwa na neno, humsikiliza mpaka mwisho? Akikosolewa hufanyaje? Na je, anaelewa kazi anayoiomba? Maswali haya hata bibi asiyejua kusoma anaweza kuyauliza, naye mara nyingi ndiye anayejua majibu. Kura yake ni moja, sawa na ya profesa.

Tuanzie nyumbani mwa Bwana, tunapochagua wazee wa kanisa. Tukizoea huko kumchagua mtu kwa koti lake au kwa cheo chake, tutafanya vivyo hivyo katika kituo cha kura.

Tuombe. Ee Bwana, unayeona moyo, utupe viongozi wenye akili ya kujua na mikono safi ya kutenda. Utupe sisi macho ya kuwatambua, na mikono isiyopokea bei ya kura. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.