Mtoto wa Kulea Anadaiwa Nini?

Kuna sifa moja tunaitoa haraka sana: "Yule mama ana moyo, analea mtoto asiye wake." Tukishasema hivyo, basi, tumemaliza. Hatuulizi tena mtoto anakula nini, analala wapi, anapigwa kwa kosa lipi. Nadhani ulinzi wa mtoto unaanza kuharibika hapo hapo, kabla habari haijafika ofisi yoyote.

Chukua Mnyambe, kule Newala. Kwa desturi ya Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu yake. Mama akifariki, mtoto huchukuliwa na bibi, mama mdogo au mjomba. Karatasi hakuna. Kuasili kisheria kunapitia Mahakama Kuu, na nani ataacha mikorosho yake akaombe kibali cha kumlea mtoto wa dada yake? Tuseme ukweli, desturi hii imeokoa watoto wengi. Lakini mtoto akiangukia mikono mibaya, atamshitaki nani kwa nani? Mjomba anayempiga anaweza kuwa ndiye huyo huyo anayesikiliza mashauri ya ukoo.

Sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto kunyanyaswa azifikishe serikali ya mtaa. Simu ya bure 116 ipo. Dawati la Jinsia na Watoto polisi lipo. Vyote hivyo vinasubiri mtu aseme, na jirani anaona haya kumsema mtu aliyetenda hisani. "Asingemchukua, angelala wapi?"

Usidhani ni umaskini tu. Victoria Climbié alitoka Cote d'Ivoire. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake, ampeleke Ulaya akasome. Julai 1999 alilazwa katika hospitali mbili za London, na mara zote mbili akarudishwa kwa mlezi yule yule. Februari 2000 akafa, ana miaka 8. Ripoti ya Lord Laming ya mwaka 2003 ilihesabu nafasi zisizopungua 12 za kumwokoa zilizopotea. Ofisi zilikuwepo, mafaili yalikuwepo, mishahara ilikuwepo. Walimsikiliza zaidi mlezi. Mtoto mwenyewe hawakukaa naye wakamsikia.

Sasa swali lenyewe: mtoto wa kulea anadaiwa shukrani? Wazee watasema ndiyo, kulea ni kazi. Ni kweli, ni kazi. Ila deni huwa la mtu aliyekopa, na mtoto hakukopa. Hakuchagua kufiwa, hakuchagua nyumba ya kupelekwa. Mtu mzima aliyemchukua ndiye aliyechagua, kwa hiyo wajibu ni wake. Mtoto akishukuru kwa moyo wake, vizuri. Akilazimishwa kunyamaza ndipo apewe ugali, hiyo si shukrani tena, ni kodi. Na sisi tunaompongeza mlezi bila kumtazama mtoto tunasaidia kuikusanya.

Kwa hiyo ukimwona pale bombani na ndoo yake, ana alama mgongoni, usianze kwa mlezi. Muulize mtoto, mkiwa wawili tu, na usimharakishe. Akikwambia jambo, usilirudishe kwa ukoo likazungumzwe kimya kimya. Piga 116.