Ubongo wa Mbuzi na Karama ya Insani

Katika mabucha ya Boko, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, mtu anunuaye kichwa cha mbuzi kwa ajili ya supu huona, pindi fuvu lipasuliwapo kwa shoka, jambo linalostahili kutazamwa na kila mwenye kuuliza habari za roho: ubongo una rangi mbili, kijivujivu upande wa nje na nyeupe upande wa ndani. Weupe ule ni wa mayelini, jina lililotolewa na tabibu Rudolf Virchow wa Ujerumani mwaka 1854. Nayo ni utando uliozungushwa tabaka juu ya tabaka kwenye nyuzi za fahamu, kama jamvi lililokunjwa, ili habari zipite upesi toka kichwani hata unyayoni.

Utando huo ukikaushwa, yapata asilimia 70 hadi 80 ni mafuta, na sehemu kubwa ya kilichosalia ni protini, ambazo mbili miongoni mwazo zimetamalaki. Ya kwanza, PLP, ni mnyororo wa asidi amino 276, na mnyororo huo katika mwanaadamu na katika panya, huyu huyu atoboaye magunia yetu ya mahindi, ni mmoja, pasipo hitilafu hata ya pete moja. Ya pili, MBP, huyagandamanisha matabaka. Na ya mbuzi au kondoo imefanana na yetu mno, hata kufanana huko kukawaponza watu. Kwani chanjo ya kichaa cha mbwa iliyobuniwa na David Semple huko Bara Hindi ilitengenezwa kwa ubongo wa wanyama, na baadhi ya waliodungwa walipooza, kwa kuwa askari wa miili yao, wakiisha kuuzoea ubongo wa mnyama kuwa ni adui, waliugeukia na ule wa bwana wao. Mwaka 1987 watafiti nchini Thailand walidhihirisha kuwa MBP ilikuwa miongoni mwa shabaha za askari hao. Jirani zetu wa Ethiopia waliendelea na chanjo ya ubongo wa kondoo hata katika karne hii.

Basi karama ya insani i wapi, ikiwa jisimu yake haiwezi kujipambanua na bahaimu? Wako wasemao kuwa imo katika wingi wa ubongo. Hoja dhaifu, maana tembo wa Mikumi angetupita daraja. Mimi naona imo katika amana: mwanaadamu ataulizwa habari za mbuzi, ilhali mbuzi hataulizwa habari za mwanaadamu, na ndiyo maana mchinjaji hulitaja jina la Mola kabla ya kisu.

Atakayeng'ang'ania kuiweka karama ndani ya utando ana deni la kumjibu mgonjwa ambaye utando wake umeliwa na maradhi, miguu haimwitikii, macho yamefifia. Mafakihi hawakumshusha cheo: aswali ameketi; akishindwa, alale ubavu; akishindwa na hilo, aashirie kwa kadiri awezavyo, na swala yake ni swala kamili.