Azma na Haki ya Mwili

Swali lililowashughulisha wenye hekima tangu kale, kwamba ni kipi kimtawalacho mwanadamu, roho yake au kiwiliwili chake, halijibiwi darasani peke yake. Hujibiwa pia uwanjani, pale mshindani anapokuwa amekwisha kutoa nguvu zote alizojaaliwa, miguu imekuwa mizito na pumzi zamwishia, na njia bado iko mbele yake.

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, ulioinuka zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni hafifu, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katika msongamano wa wakimbiaji wa marathoni, akaumia goti, na alipokwisha kufungwa bendeji akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea, hata akamaliza zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kutwaa ushindi, naye akawa wa 57, wa mwisho wa waliofika. Jawabu lake kwa waliomuuliza limebaki mashuhuri: nchi yake haikumtuma safari ndefu vile ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Lakini insafu yatulazimu kumkumbuka na Jim Peters wa Uingereza, ambaye mwaka 1954, huko Vancouver, aliingia uwanjani hali amewaacha wenziwe kwa zaidi ya robo saa, joto limemdhoofisha, akaanguka akainuka, akaanguka tena akainuka, hata akachukuliwa kabla ya kumaliza, wala hakushindana tena maishani mwake. Nani atathubutu kusema kuwa azma ya mtu huyu ilikuwa haba?

Basi azma pekee haitoshi kuwa kipimo. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimfundisha sahaba wake Abdullah bin Amr, aliyedumu katika kufunga mchana na kusali usiku, kwamba mwili wake nao una haki juu yake. Uchovu ni shahidi ambaye mara nyingi hutia chumvi, kwani twaona wakimbiaji waliodhani wamekwisha wakiongeza mbio waonapo utepe; ila panapo joto la kuteketeza, shahidi huyo husema kweli tupu, na akili, iliyo kadhi, yawajibika kumsikiliza kabla ya kuhukumu.

Thamani ya moyo wa Akhwari, kwa itikadi yangu, haikuwa katika maumivu aliyoyavumilia, bali katika amana aliyoitimiza ilhali tamaa ya ushindi imekwisha kumtoka, tena pasipo kuudhulumu mguu wake, kwani uliposhindwa kukimbia aliuacha utembee. Walimu wa michezo wanaowahimiza vijana wasikate tamaa wafanya jambo jema. Na wema huo utatimia watakapowafundisha pia kwamba kuacha mbio kwa kuihifadhi roho aliyotupa Mwenyezi Mungu si woga, bali ni amana iliyo kubwa zaidi.