Mama Aliyepinda Mgongo



Fungua Luka 13:10-17. Yesu anafundisha kwenye sinagogi siku ya Sabato, na humo yumo mama aliyepinda mgongo kwa miaka 18. Mama yule haombi kitu. Yesu mwenyewe ndiye anayemwona, anamwita, anamwekea mikono.

Injili hii ilinikuta nyumbani. Mama yangu mkubwa alikuwa anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Alipolalamika mgongo, sote tulimwambia, "Ni mizigo hiyo, mama, pumzika tu." Tulipompandisha Bugando, miguu ilishaanza kuishiwa nguvu. Ikaonekana ni saratani ya ovari, imefika kwenye mifupa ya mgongo.

Saratani hii kwa kawaida husambaa ndani ya tumbo. Kufika mgongoni ni nadra, ndiyo maana hakuna aliyeiwaza. Lakini ikishabana uti wa mgongo, kila saa ina thamani. Mgongo unaouma zaidi usiku, miguu kulegea au kufa ganzi, kushindwa kuzuia mkojo: kwa mgonjwa wa saratani, hayo ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Najua swali lenu, maana lilikuwa langu: "Tumesali novena, mbona hainuki?" Jibu rahisi sina. Ila mawili nayakataa: kwamba amerogwa, na kwamba anayemeza dawa hana imani. Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya maaskofu wetu. Kanisa halioni dawa kuwa adui wa sala.

Wala Mpako wa Wagonjwa siyo tiketi ya kaburini. Yakobo (5:14) anataka mgonjwa aombewe na kupakwa mafuta. Hasemi tungoje akate roho. Padre alipompaka mama, hakusimama. Lakini usiku ule alilala bila kulia, mara ya kwanza wiki nzima.

Yesu alimwona yule mama kwanza, ndipo akamponya. Kuponya hatuwezi sote. Kuona tunaweza. Wiki hii muulize mama, shangazi au bibi yako: "Mgongo unaendeleaje? Tumbo halijai? Hushibi haraka?" Usikilize jibu hadi mwisho. Kama hali haiishi, msindikize kupima, usimwambie apumzike tu.

Tusali: Ee Yesu, uliyemwona mama ambaye watu walishamzoea, tufumbue macho tuwaone mama zetu mapema. Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee. Amina.