Watu wa Saa Kumi na Moja



Katika Evanjili ya Matayo, sura ya 20, Bwana Yezu anasimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta watu wa kazi. Alitoka tena saa tatu, kisha saa sita, kisha saa tisa. Wayahudi wa zamani walihesabu saa za mchana tangu kuchomoza kwa jua, kama zinavyohesabiwa katika Kiswahili. Basi hapa hakuna neno la kufasiri. Saa kumi na moja ni saa kumi na moja: jua limeinama, akina mama wanawasha moto, na mchana umebakiwa na saa moja tu. Saa hiyo mwenye shamba alitoka mara ya tano, akakuta watu wangali wamesimama sokoni. Akawauliza kwa nini wamesimama kutwa bila kazi. Wakamjibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri.

Jibu hilo ni fupi, na wasomaji wengi hulipita upesi ili wafike kwenye habari ya mshahara. Lakini inafaa kulitazama. Watu wale hawakuwa wavivu. Mvivu hangojei sokoni mpaka jioni. Hulala nyumbani kwake, au huenda penye pombe. Tena mwenye shamba hakuwagombeza. Alisikia jibu lao, akalisadiki, akawatuma shambani. Evanjili haisemi umri wao ulikuwa gani. Hata hivyo Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa tangu mwaka 590 hadi 604, aliwafundisha watu wa Roma kwamba saa za mfano huu ni kama umri wa mwanadamu: alfajiri ni utoto, na saa kumi na moja ni uzee.

Wazee wa namna hiyo wapo vijijini, nanyi mnawafahamu. Katika nchi ya Katanga kampuni ya Union Minière ilianza mwaka 1906, na tangu mwaka 1967 mali yake ikawa ya Serikali, ikaja kuitwa Gécamines. Mfanyakazi alipata mshahara, nyumba, posho ya unga, shule ya watoto na hospitali, hata watu wakazoea kusema kwamba kampuni ndiyo baba na mama. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka. Na mwaka 1994 shaba yote iliyotoka haikufika tani 40,000. Mishahara ikachelewa, kisha ikakatika kwa miezi mingi. Katika miaka 2003 na 2004, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 walipewa kiasi cha fedha wakaacha kazi. Kuondoka huko kuliitwa kwa hiari. Lakini mtu asiyelipwa muda mrefu, hiari yake ni ndogo. Wengi walikuwa wametumika zaidi ya miaka 20. Fedha zile zikaenda kwenye madeni ya zamani, malipo ya shule, na biashara zilizoanzwa bila ujuzi. Wengine wakabaki Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Wengine wakarudi vijijini, wakashika jembe wakiwa na mikono iliyozoea nyundo na mashini.

Mzee wa namna hii ana njaa mbili. Moja ni ya tumbo. Ya pili haionekani: anaamka kungali giza kama zamani, anavaa viatu, kisha anakumbuka kwamba hana mahali pa kwenda.

Kwa njaa ya kwanza, Maandiko Matakatifu yana mafundisho ya jikoni kabisa. Mjane wa Sarepta, katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo, akiokota vijiti viwili vya kuni. Nabii Eliya alipofika, Mungu hakumjazia mjane ghala. Unga haukuongezeka ukawa magunia, haukuisha tu. Kila siku konzi, kila siku mafuta kidogo, mpaka mvua iliponyesha. Naye Bwana Yezu, alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili, aliwaamuru wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu, wakajaza vikapu 12. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate kwa neno moja hakukubali makombo yatupwe. Basi mama anayehifadhi bukari la jana ili watoto wale asubuhi, asione haya mbele ya jirani.

Nyumba isiyo na mshahara huokolewa na mambo madogo. Maharagwe yaliyolowekwa usiku huiva upesi, na chungu kilichofunikwa hula makala kidogo. Sombe, lengalenga na matembele hayanunuliwi na mtu mwenye bustani karibu na kijito, hata wakati wa kiangazi. Muhogo hukaa ardhini mwaka na zaidi bila kuoza. Ndilo ghala la mtu asiye na ghala. Mahindi ya mbegu hutundikwa juu ya moshi wa mafiga, wadudu wasiyatoboe, na hayaguswi hata njaa ikibisha hodi. Mavuno huingia Aprili na Mei. Taabu huja Januari, Februari na Machi. Kwa hiyo mume na mke wakae pamoja siku ile ile ya mavuno, wayagawe magunia kwa miezi, kila mwezi na fungu lake. Kosa kubwa la nyumba nyingi si kula ovyo, ni kuona haya. Mzee aliyekuwa na cheo kazini hukopa ili harusi ya mtoto ifanane na harusi za zamani, kisha deni linakula shamba. Afadhali likelemba ya faranga chache na majirani waaminifu kuliko mkopo wa siku moja ya fahari.

Lakini kubana matumizi si ubahili. Mjane wa Sarepta alimpikia kwanza mgeni. Mtu anayehesabu kila konzi apate kuwa na moja ya kumpa mwenye njaa, huyo anafuata njia ya Bwana. Anayehesabu ili afunge mlango anafuata njia nyingine.

Kuhusu njaa ya pili, kuna neno la Mtume Paulo ambalo watu hulitumia vibaya. Aliwaandikia Watesalonike juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi, kwamba asile. Siku hizi vijana humtupia mzee neno hilo kama jiwe. Wasome vizuri: Paulo anasema juu ya asiyetaka, hasemi juu ya asiyepata. Paulo mwenyewe alikuwa fundi wa kushona mahema, akijua mikono inavyouma. Naye aliwaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuishi penye vingi na penye vichache. Tazameni: alijifunza. Hakuzaliwa nalo. Papa Yohane Paulo II naye, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya mwanadamu, alifundisha kwamba kukosa kazi ni jambo baya, na likienea huwa msiba wa jamii nzima. Kanisa halimwambii mzee achekelee msiba. Zaburi zimejaa vilio. Mzee anayelia mbele ya Mungu bado anasema na Mungu, na hayo tayari ni matumaini.

Tena kazi na mshahara si kitu kimoja. Papa Pio XII aliweka mwaka 1955 sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei; na Yosefu yule hakupata mshahara wa kampuni, alichonga mbao za kijiji kidogo. Fundi aliyeondolewa mgodini angali fundi. Anajua kuchomea chuma, kunyosha gurudumu la baiskeli, kutengeneza pampu ya kisima. Akiwaketisha vijana wawili chini ya mwembe akawaonyesha, siku yake ina kazi, hata ikiwa mfuko hauna kitu. Mke wake anayelima na kuuza mboga sokoni amebeba nyumba miaka mingi bila kuitwa mfanyakazi. Mume asione haya kumbebea kikapu.

Pako hatari mahali patatu. Lutuku hufungua mlango wake asubuhi kwa mtu asiye na pa kwenda. Wahubiri wengine nao humwahidi mtu kazi akitoa fedha kwanza. Mungu hauzi nafasi za kazi. Ya tatu ni mbaya kuliko zote. Mshahara ukikatika, mtoto akiugua, watu hutafuta mwenye kosa, na mara nyingi kidole huelekea kwa mzee au kwa yatima wa nyumba: huyu mchawi, huyu ameifunga bahati yetu. Mkatekumeni akiuliza, “Je, nikisikia maneno hayo barazani, nikae kimya?” ajibiwe, “Hapana.” Siku ya ubatizo ataulizwa kama anamkataa Shetani na kazi zake, kumsingizia mzee uchawi ni mojawapo ya kazi hizo, na anayesikiliza bila kukataa anaushika mkono wa anayesingizia. Mgodi haukubomoka kwa uchawi wa bibi mmoja. Mishahara haikukatika kwa macho ya yatima.

Mwenye shamba wa Evanjili alimpa mtu wa saa kumi na moja dinari nzima. Wakubwa wa Kanisa wanafundisha kwamba dinari hiyo ni uzima wa milele, na ndivyo ilivyo. Lakini dinari ilikuwa pia mshahara wa siku moja, chakula cha jamaa moja kwa siku moja. Mwenye shamba hakutazama saa tu; alijua kwamba watoto wa mtu aliyeajiriwa jioni wanakula sawa na watoto wa aliyeajiriwa asubuhi.

Mvua za Katanga huanza Oktoba au Novemba. Basi mwezi wa Septemba kila kikundi cha wakatekumeni kihesabu nyumba za wazee ambazo mbegu zimekwisha, na kila mmoja atoe kopo moja la mahindi. Yapelekwe mchana, mlangoni pa mzee, kwa salamu ya heshima, “Shikamoo, baba”. Naye aombwe siku hiyo hiyo awanolee vijana majembe na kuwafundisha jinsi ya kuyanoa.